Upande Akaapo Dereva wa Gari la Moshi

Tangu reli ifike Arusha yetu mwaka 1929 twabishana: dereva hukaa upande gani? Desturi si moja. Marekani hukaa kuume. Uingereza, kampuni ya Great Western ilimweka kuume, bali injini za mvuke za serikali zilizoanza 1951 zikamweka kushoto.

La kutuhusu zaidi ni hili. Tangi refu la mvuke lilimziba macho, asione kona ya upande wa pili. Alimtegemea mtia moto, naye mara nyingi alikuwa ameinamia koleo. Injini za dizeli zenye pua ndefu zina taabu iyo hiyo. Honi nayo hupigwa kabla ya kivuko ili kuwaonya watu. Si kutusalimu, kama tulivyodhani utotoni.