Tenka Halisimami Kwenye Mpaka wa Mkoa

(Hotuba niliyoitoa kwenye kongamano letu la vijana, Tabora mjini.)



Najua wengi mlitegemea nizungumzie tume huru na katiba mpya. Hayo tunayo kila siku na hatutayaacha. Leo naomba mnivumilie, nataka tuongelee zimamoto.

Tabora ni njia panda tangu enzi za mababu. Misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, kisha mingine ikaelekea Ujiji, mingine Karagwe hadi Buganda. Tumezoea kusimuliana habari za pembe na watumwa, lakini misafara ile ilibeba na baruti pia. Mzigo wa hatari kupita kwenye ardhi yetu si jambo la leo wala jana.

Na mtemi ambaye msafara ulipita kwake alidai hongo. Kipindi kile hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa ada ya njia, inajadiliwa mchana kweupe, asiyelipa hapiti. Mirambo alipoifunga njia mwaka 1871, biashara iliyumba mpaka pwani.

Sasa tuje kwetu. Malori yanatoka Singida, yanapita Igunga na Nzega, yanaelekea Kahama, Rwanda na Burundi. Reli inapita Tabora hadi bandari kavu ya Isaka. Humo kuna petroli, dizeli na kemikali za migodini. Swali langu ni moja: siku likipinduka tenka Igunga, nani anakuja, anatoka wapi, na anakuja na nini?

Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, tenka lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, likalipuka. Tulizika Watanzania zaidi ya 100. Wakenya waliyaona hayo Sachangwan Januari 2009, na Wakongo wakayaona Sange Julai 2010, zaidi ya 200 wakafa. Tusiwacheke waliochota. Njaa ndiyo iliyowapeleka pale.

Halafu jamani, si kila moto ni wa maji. Petroli inaelea juu ya maji. Ukiimwagia maji matupu unausambaza moto. Inataka povu. Sayanaidi ya kuchenjulia dhahabu ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua haraka, na hata maji yanaweza kuichochea. Askari anayeingia pale bila suti ya kinga na mtungi wa hewa, mnamtuma akafe.

Vifaa hivyo ni ghali. Kununulia kila wilaya seti kamili ni ndoto, na mimi sitawadanganya kwa sababu tu tupo upinzani. Dawa yake ni kuchangia. Jimbo la Massachusetts kule Marekani limegawanywa kanda sita za kushughulikia kemikali. Askari wanatoka vituo vya miji mbalimbali, wanafunzwa pamoja, wanaitwa pamoja.

Watatujibu: jeshi ni moja tayari. Ni kweli, Sheria ya mwaka 2007 iliweka msingi wa kuyatoa magari ya zimamoto mikononi mwa halmashauri na kuyaweka chini ya jeshi moja. Lakini jeshi kuwa moja kwenye karatasi hakufupishi safari ya kutoka Tabora mjini mpaka Igunga. Nani atatoa amri pale, kamanda wa Tabora au wa Singida? Mafuta ya gari yatoke fungu la nani? Maswali hayo yajibiwe kabla ya ajali, yaandikwe, yasainiwe.

Kwa hiyo madai yetu ni manne. Kwanza, kikosi kimoja cha kemikali kwa Tabora, Singida na Shinyanga, kikae Nzega, maana barabara zinakutana pale. Pili, mwenye mzigo wa hatari atoe taarifa mapema kwa kila mkoa anaopita. Tatu, mazoezi ya pamoja kila mwaka, na hospitali zishirikishwe. Nne, ada ya njia kwa mzigo huo, iende moja kwa moja kwenye kikosi na matumizi yake yabandikwe ukutani. Hongo ya zamani, ya mchana kweupe.

Tukisubiri hayo, sisi wenyewe tuna kazi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia juu mpaka kata na kijiji. Nendeni mkaulize kamati ya kata yenu inakutana lini. Madereva wa bodaboda mlio hapa, jifunzeni namba za kwenye vibao vya malori: 1203 ni petroli, 1689 ni sodiamu sayanaidi. Ukiona ajali, kaa mbali, upepo ukupige mgongoni ukiitazama ajali, soma namba, piga 114, zuia watu wasisogee. Usiwashe pikipiki pale, usivute sigara.

Kuna atakayesema hili halina kura. Mimi nasema tenka likilipuka haliulizi kadi ya chama. Mwenezi wao na mwenezi wetu wanaishi mtaa mmoja kando ya barabara ileile. Wiki hii kila tawi liandike barua kwa diwani wake, awe wa chama gani, yenye madai haya manne, na nakala ibaki ofisini. Akikaa kimya, tutamkumbusha mkutanoni, mbele ya wananchi.