Betri Mpya Si Dawa ya Kila Pikipiki

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

Leo tunazungumza na bodaboda, motari, na mafundi wanaotengeneza pikipiki chini ya mti. Chukua kalamu, kwa maana kuna namba za kuandika.

Pikipiki inakataa kuwaka kwa swichi. Taa ya mbele inafifia. Honi inalia kama mbuzi mgonjwa. Wengi husema mara moja, "Betri imekufa," na kwenda kununua nyingine. Baada ya wiki mbili, na hiyo mpya imekufa. Pesa ya unga imekwenda, na usiku akija mama mwenye uchungu wa kujifungua, huna taa ya kumfikishia kituo cha afya. Kwa hiyo, tupime kwanza, tununue baadaye.

Chaji ya pikipiki inategemea vitu vitatu. Cha kwanza ni koili za chaji, zilizo ndani ya injini karibu na sumaku inayozunguka. Hizo ndizo zinazozalisha umeme. Cha pili ni rektifaya, kile kidude cha chuma chenye mapezi, kinachogeuza umeme huo ufae betri na kuuzuia usipite kiasi. Cha tatu ni betri yenyewe, ambayo ni ghala tu. Ghala likiwa tupu, usililaumu kabla ya kwenda kuliangalia shamba.

Anza na kisichogharimu kitu. Zima injini. Angalia fyuzi. Kaza vichwa vya betri na usugue ule unga mweupe au wa kijani. Fungua plagi ya rektifaya: ukiona plastiki iliyoyeyuka au pini nyeusi, huenda ugonjwa ni huo. Angalia pia waya wa bodi mahali ulipofungwa. Kutu na rangi huzuia umeme. Sugua hadi chuma king'ae.

Sasa chukua mita. Kama huna, azima kwa fundi wa redio au wa sola. Iweke kwenye volti za betri, yaani DC. Pikipiki ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.0 au chini yake, karibu imeisha. Ichaji kwanza, kwa sababu ukipima kwa betri iliyokwisha, majibu yatakudanganya.

Washa injini, vuta mafuta kiasi cha mwendo wa kati, upime tena kwenye betri. Hapa kuna majibu matatu. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.8, chaji inafika. Kama betri bado haikai na umeme, hapo ndipo betri ina kosa. Ikipita 15, rektifaya haizuii tena: itachemsha betri na kuunguza balbu. Ikibaki palepale ilipokuwa au ikishuka, chaji haifiki, na lazima tujue kama kosa ni koili, waya au rektifaya.

Zima injini, chomoa plagi inayotoka kwenye koili. Hamisha mita kwenye AC, kipimo kikubwa. Washa injini. Usishike ncha za waya kwa vidole, kwa sababu umeme huo hurusha. Pikipiki yenye waya tatu za rangi moja kutoka kwenye koili, pima mbili mbili, mara tatu. Namba zote ziwe karibu sawa, na zipande unapovuta mafuta. Moja ikiwa chini sana, koili imeungua. Zile za aina ya zamani, zenye waya mmoja wa chaji, pima kati ya waya huo na bodi. Koili ikiwa nzima, na waya na bodi viko sawa, mshitakiwa aliyebaki ni rektifaya.

Sasa tuje kwenye spea za bei nafuu. Hatusemi usinunue, wengi wetu hatuna uwezo wa ile halisi. Tunasema nunua kwa macho. Nenda dukani na spea ya zamani mkononi. Hesabu pini na uangalie zimepangwaje. Usiamini rangi ya waya peke yake, maana kila kiwanda kina mpango wake. Kwa koili, hesabu vichwa vyake na ulinganishe unene wa waya. Mwombe muuzaji mkubaliane mapema kwamba isipofanya kazi utairudisha. Ukiifunga, acha injini iwake dakika 10, rektifaya ipate moto, kisha pima tena. Rektifaya mbovu mara nyingi hufanya kazi ikiwa baridi, na kukataa ikipata moto. Ifunge kwenye chuma, mahali penye upepo.

Jambo jingine ni mzigo. Koili za pikipiki ndogo zina kikomo. Ukiongeza taa za urembo, redio na kuchajia watu simu, utatumia kuliko unavyozalisha, hata kama kila kitu ni kizima.

Mwisho, usalama. Wengi huchaji betri kwa paneli ya sola. Paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa hadi volti 20 na zaidi juani, kwa hiyo usiiunge moja kwa moja. Pitisha kwenye kontrola. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka: iweke nje, mbali na jiko, sigara na watoto. Maji yakipungua kwenye betri ya kujaza, ongeza maji safi ya betri, si asidi. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20, kisha kimbia zahanati.

Ndugu msikilizaji, andika namba hizi ukutani: 12.6 ikiwa imezimwa, 13.5 hadi 14.8 ikiwa inawaka. Mfundishe na mwenzako wa stendi. Safari njema, na taa iwake.

(Muziki unapanda)