Twendeni na Watoto Tukaone Mali Yetu

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanakisomo wa Nachingwea na Ruangwa. Wote waliosafiri waliyasikia kwanza na kuyakubali.)



Tumeombwa tuje kuwaeleza juu ya safari yetu. Sisi ni familia tano: tatu za Nachingwea na mbili za Ruangwa. Jumla tulikuwa watu 24, wakubwa 11 na watoto 13. Mwisho wa Juni, shule zilipokuwa zimefungwa, tulikwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kutazama wanyama. Hatukutumwa na mtu, wala hatukulipiwa na mtu. Tulikwenda kwa hela za ufuta wetu wenyewe.

Tunajua wengi mlitucheka. Mlisema, "Mkulima mzima anapanda gari kutwa nzima kwenda kumtazama tembo! Si angelala shambani kwake usiku mmoja tu?" Hatukukasirika, maana hata kati yetu yalisemwa maneno hayo hayo. Mwenzetu mmoja wa Ruangwa alikataa katakata. Msimu uliopita tembo waliingia katika shamba lake la mahindi usiku, na kulipokucha hakukuta bua lililosimama. Alituuliza, "Yaani nikalipe kiingilio kumwona mwizi wangu?"

Mkewe ndiye aliyemjibu. Alisema, "Baba, wewe unamjua tembo wa usiku. Watoto hawa wanamjua kwa kelele za madebe tu. Twende wakamwone mchana."

Basi jamani, maneno ya mama yule ndiyo yaliyotutoa nyumbani.

KWA NINI TULIKWENDA

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilianzishwa mwaka 2019. Ilikatwa kutoka katika Pori la Akiba la Selous, pori ambalo wazee wetu wanalijua vizuri. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 31,000. Mkoa mzima wa Kilimanjaro unaingia humo mara mbili, na nafasi inabaki.

Wengine waliuliza, pori la akiba na hifadhi ya taifa vinatofautiana nini? Katika pori la akiba, mtu mwenye kibali anaweza kuwinda. Katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji. Watu huingia kutazama na kupiga picha, kisha hutoka.

Selous iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Watu hutoka Ujerumani, Uingereza na Marekani kuja kuona. Sisi tunapakana na Liwale, na Liwale inapakana na pori. Lakini katika familia zetu tano hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia kutazama.

Tena jambo hili si la wanyama tu. Hapa hapa mkoani kwetu Lindi, mahali paitwapo Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa zamani, yaani dinosaria, kati ya mwaka 1909 na 1913. Waliochimba na kubeba mizigo kwa kichwa hadi bandarini Lindi walikuwa babu zetu. Leo mifupa ya mmoja wao imesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, na urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Watoto wa kule wanapelekwa na wazazi wao kuutazama. Wa kwetu wengi hata jina la Tendaguru hawajalisikia. Tukasema, mali yetu isiwe ya kutazamwa na wengine tu.

TULIVYOJIPANGA

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Husema, "Hayo ni mambo ya matajiri." Sisi tulifanya hivi:

Kwanza, tulianza misimu miwili kabla. Kila familia ilitenga kilo 80 za ufuta kila msimu. Malipo ya mnada yalipoingia, hela za kilo hizo zilikwenda kwa mweka hazina siku ile ile, kabla hazijaonja soko.

Pili, tuliandika kila kitu katika daftari. Hapa ndugu zetu kisomo kimetufaa. Kila mkutano daftari lilisomwa kwa sauti, na kila mtu aliona jina lake na hela zake. Hakuna aliyegombana na mwenzake.

Tatu, tuliuliza mapema juu ya viingilio. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni anayelipa kwa dola. Mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano halipi. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya hifadhi kabla ya safari. Tena chukueni vitambulisho, maana pasipo kitambulisho utajuaje kama mtu ni raia?

Nne, tulichagua wakati wa kiangazi. Masika barabara za porini hujaa tope na majani huwa marefu. Kiangazi majani hukauka, na wanyama hufuata maji.

Tano, tulibeba chakula chetu: unga, dagaa, maharage, karanga na korosho. Mtoto aliyeshiba haoni safari ndefu.

NJIANI

Tulikodi kosta moja. Ilianzia Nachingwea alfajiri, ikachukua wenzetu Ruangwa, ikatokea Nanganga na kushika barabara ya Lindi. Tulipita Mnazi Mmoja, Nangurukuru na Somanga. Jioni tukavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa.

Daraja lile lilifunguliwa mwaka 2003, na urefu wake ni karibu kilomita moja. Wazee waliwasimulia watoto jinsi zamani watu walivyolala ng'ambo siku kadhaa wakingoja kivuko. Watoto hawakuamini.

Tulilala Kibiti. Kesho yake tukaiacha lami na kufuata njia ya Mloka, kijiji kilicho karibu na lango la Mtemere. Pale tuliiacha kosta, tukakodi magari ya porini, yale yanayofunguka juu.

Langoni kuna kitabu cha wageni. Kila mtu mzima aliandika jina lake na anakotoka kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwepo bibi yetu mmoja, Mngindo, aliyejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima miaka ya 1970. Aliandika polepole sana, na watu nyuma yake wakangoja. Mahali pa kuandika anakotoka hakuandika Nachingwea. Aliandika jina la kijiji alichozaliwa mama yake, kijiji ambacho sasa hakipo. Tutarudi kwa bibi huyu.

TULIYOYAONA

Mnyama wa kwanza kuonekana alikuwa twiga. Watoto walipiga kelele, askari wa hifadhi akawanyamazisha kwa kidole. Alitueleza jambo ambalo hatukulijua: katika pori hili twiga wapo upande wa kaskazini wa Rufiji tu. Upande wa kusini, upande wetu, hawapo. Ndiyo maana sisi tunaona tembo, nguruwe na nyani, lakini mnyama wa taifa letu tunamwona kwenye picha.

Tuliona viboko wengi katika maziwa yaliyo kando ya mto, wakiwa wamejaa kama magogo. Tuliona mamba waliokaa kimya na midomo wazi. Tuliona mivumo imesimama ndani ya maji bila majani, imekufa kwa sababu mto ulihama njia. Tuliona mbwa mwitu tisa wamelala kivulini. Askari alisema wanyama hao wamebaki wachache duniani, na huku kwetu ni moja ya ngome zao kubwa.

Halafu tukawaona tembo.

Walikuwa kumi na wanne, wakiwemo watoto watatu. Walikuwa wanavuka njia kwenda majini, na gari likazimwa. Aliyetangulia alikuwa jike mzee. Tuliambiwa kundi la tembo huongozwa na bibi. Yeye ndiye anayekumbuka maji yako wapi mwaka wa ukame. Akiuawa bibi huyo, walio nyuma yake hupotea, na wengine huanza kutangatanga hadi mashambani. Tuliambiwa pia kwamba tembo hubeba mimba miezi 22, kisha huzaa mtoto mmoja.

Askari akatupa hesabu, na sisi tukaiandika. Mwaka 1976 tembo wa Selous walikadiriwa kufika 109,000. Mwaka 2013 walihesabiwa karibu 13,000 tu. Waliobaki wapi? Meno yao yalikwenda ng'ambo, na mizoga ikabaki huku. Operesheni Uhai ya mwaka 1989 iliwapunguza majangili, lakini baadaye walirudi kwa nguvu, na mwaka 2014 Selous ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tuliposikia hayo tulitazamana. Kila mmoja wetu amewahi kusikia kijijini habari za kijana aliyepewa hela kidogo ili aonyeshe njia au abebe mzigo usiku. Tajiri alipata pembe, kijana akapata kifungo.

SWALI LA BIBI

Siku ya pili tulifika Beho Beho. Pale lipo kaburi la Frederick Selous, Mwingereza aliyekuwa mwindaji na askari. Aliuawa tarehe 4 Januari 1917, katika vita vya Waingereza na Wajerumani. Mwaka 1922 pori lilipewa jina lake.

Bibi yetu alisimama pale akasoma jina lililo juu ya jiwe, herufi kwa herufi. Kisha akamwuliza askari, "Mwanangu, huyu ana jiwe. Waliombebea mizigo wamezikwa wapi? Na watu wa mama yangu makaburi yao yako wapi?"

Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema, "Bibi, sijui. Niambie wewe."

Bibi akakaa chini ya mti, nasi tukamzunguka. Alisema mama yake alizaliwa ndani ya pori, upande wa Liwale. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wangindo kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Watu waliambiwa wafunge mizigo na kwenda kukaa mahali pamoja. Walipotoka, pori likapanuliwa juu ya mahame yao. Mama yake alizoea kusema, "Ukiona miembe porini, usidhani imepandwa na nyani. Hapo palikuwa na mji."

Askari alisema ni kweli, ameikuta miembe porini kwenye doria na hakujua ni ya nani. Akatoa daftari lake akaandika jina la kijiji kile. Watoto wetu nao wakaandika. Hatukufika huko, ni mbali na njia ya watalii. Lakini watoto wanaojua jina hilo sasa ni 13. Kabla ya safari hakuwepo hata mmoja.

TEMBO WA KWETU

Ndugu zetu, msidhani tumerudi tukiwa marafiki wa tembo. Yule mwenzetu wa Ruangwa bado ana machungu na mahindi yake, na ana haki. Mtu akiuawa na tembo, kumwona twiga hakumfufui. Lakini mwenzetu huyo ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko sote, na haya ndiyo majibu aliyorudi nayo.

Tembo hapendi pilipili. Chovya vitambaa katika oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, uvitundike kwenye kamba kuzunguka shamba. Mvua ikinyesha, chovya tena. Pia tembo huogopa nyuki. Mizinga ikining'inizwa kwenye waya kando ya shamba humzuia, na asali unauza. Njia hizi hazizuii kila siku, lakini zinapunguza hasara. Kumkimbilia na panga au kumrushia moto usiku ndiko kunakoua watu.

Tena upo utaratibu wa serikali wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, na kifuta machozi kwa familia ya aliyeuawa. Hakilingani na hasara, hilo tuseme wazi. Lakini asiyetoa taarifa hapati hata hicho. Nenda mapema kwa mtendaji wa kijiji, aandike, na habari ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Weka nakala yako. Mtu aliyesoma asikubali maneno ya mdomo tu.

TUNAYOWAOMBA

Tunawaomba mambo matatu. Anzeni kutenga ufuta au korosho sasa, mwende na watoto wenu msimu ujao au ule utakaofuata. Daftari letu la safari liko wazi, njooni mnakili. Pili, kabla ya kwenda, waulizeni wazee wenu walitoka wapi, muandike majina. Tatu, kijana akijiwa usiku na mtu wa pembe, mzazi asinyamaze.

Tuliporudi, mtoto mmoja wa Ruangwa, mwenye miaka minane, alimwambia baba yake, "Baba, wakija tena usiku, yule wa mbele ni bibi yao." Baba yake alicheka. Kisha akasema, "Basi mwambie bibi yao, nami nina familia." Wiki ile ile alianza kusaga pilipili.