Skrini Iliyoingia Giza: Tochi Kwanza, Fedha Baadaye



Nimeombwa nizungumze juu ya skrini ya kompyuta iliyoingia giza, nami nitaanza na kisa kilichonifikia mwenyewe. Mama mmoja mwenye duka la steshenari aliniletea skrini yake siku chache baada ya umeme kukatika na kurudi. Alikuwa amekwisha kuipeleka kwa fundi, akaambiwa kwamba kioo kimekufa. Fundi akajitolea kumuuzia nyingine ya mtumba kwa shilingi 150,000 na kumwondolea ile mbovu bila malipo. Fedha hizo mama hakuwa nazo, na bila skrini hakuweza kumchapia mtu hata barua ya kuomba kazi.

Tuliiwasha. Kitaa cha swichi kikawaka, kioo kikabaki cheusi. Nikazima taa ya chumbani, nikamulika tochi karibu kabisa na kioo, kwa mshazari. Ikaonekana, hafifu kama maandishi ya khanga iliyofuliwa miaka mingi, picha yote ya kompyuta yake pamoja na majina ya mafaili. Kioo kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni mwanga. Na kilichouzuia mwanga huo kilikuwa fyuzi moja ndogo kama punje ya mchele, ambayo bei yake haikufika bei ya chupa ya soda.

Jambo hili halina uchawi wowote. Kioo cha skrini bapa za aina hii hakitoi mwanga wake chenyewe. Kinafanya kazi ya pazia lenye vidirisha vingi mno, vinavyofunguka na kufungika ili kupitisha mwanga unaotoka nyuma au pembeni. Katika skrini za zamani mwanga huo hutoka kwenye mirija myembamba, ndugu wa zile taa ndefu za dari; katika skrini za siku hizi hutoka kwenye safu ya taa ndogo za LED. Mirija ile huhitaji mamia ya volti ili iendelee kuwaka, na mara nyingi zaidi ya volti 1,000 kwa ile nukta ya kuanzia. Kwa hiyo ndani ya skrini mna sehemu ya saketi ambayo kazi yake ni kupokea umeme mdogo, aghalabu wa volti 12 hivi, na kuupandisha. Kwenye mlango wa sehemu hiyo, katika skrini nyingi, mtengenezaji huweka fyuzi. Umeme ukizidi, kijiwaya cha fyuzi huyeyuka na njia hukatika. Taa huzimika, lakini kompyuta huendelea kuchora picha gizani kana kwamba hapana lililotokea.

Basi tochi hutenganisha mambo mawili ambayo kwa macho matupu yanafanana. Picha ikionekana kwa mbali, hitilafu iko upande wa taa. Isipoonekana kabisa, hitilafu huenda iko kwingine, na kabla ya kumfuata fundi yafaa kujaribu waya mwingine wa kuunganishia kompyuta. Na ikiwa hata kitaa cha swichi hakiwaki, anzia kwenye plagi: plagi za pini tatu tunazozitumia huwa na fyuzi yake ndani, na hiyo unaweza kuibadilisha mwenyewe ukiwa umekwisha kuichomoa ukutani, mradi utie ya kiwango kilekile.

Fyuzi ya ndani ni habari nyingine, na hapa naomba mnivumilie nikaze sauti kidogo. Kuchomoa plagi hakuondoi umeme wote uliomo. Katika skrini zinazopokea umeme wa ukutani moja kwa moja, umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja hufikia volti 325 hivi, nao huhifadhiwa ndani ya kapasita kubwa. Kapasita hiyo yaweza kubaki na umeme baada ya waya kuchomolewa, tena bila dalili yoyote ya nje. Fundi aliyefunzwa huupima kwa mita na kuumaliza kwa utaratibu kabla ya kugusa kitu. Mtu aliyejifunza kwa kumtazama jirani hana desturi hiyo. Kazi ya tochi ni yetu sote. Kazi ya bisibisi mwachieni mwenye ujuzi. Tena skrini yenye dhamana ya duka isifunguliwe kabisa, kwa kuwa muuzaji aweza kuikataa akiona imeguswa.

Jambo la pili ni kwamba fyuzi haiungui bila sababu. Pengine ni uchakavu tu, au umeme uliorudi kwa nguvu, kama ilivyokuwa kwa yule mama. Hapo fyuzi mpya hutosha. Lakini mara nyingi nyuma yake pana kapasita iliyovimba kichwa au transista iliyopiga shoti, na fyuzi imefanya kazi yake kwa uaminifu. Ukitia mpya bila kuitafuta sababu, nayo itaungua papo hapo. Fundi akiona ya pili imekatika asitie ya tatu, aipime saketi.

Wapo wanaochoka kutafuta, wakaunganisha ncha mbili kwa kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Skrini huwaka, mteja hufurahi, fundi hulipwa. Kuanzia saa hiyo hakuna kitakachoukata umeme ukizidi, isipokuwa kitu kingine kiungue mahali pake, nacho kinaweza kuwa bodi yenyewe, ndani ya ganda la plastiki, katika chumba ambacho watoto wanalala. Hatari ni ileile kwa anayeondoa fyuzi ya ampea 3 na kutia ya ampea 10 kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani. Fyuzi badala lazima ilingane na ya kwanza kwa ampea, isipungue kwa volti, na iwe ya mwendo uleule: nyingi huandikwa herufi F zikiwa za kukatika haraka, na T zikiwa za kukatika polepole.

Sasa, mbele ya fundi useme nini? Mwombe aimulike tochi ukiona. Mwombe akuonyeshe kwa mita kwamba fyuzi imekatika, na muulize iliunguzwa na nini. Mkubaliane bei kabla hajafungua, na kazi ikiisha udai kile kifaa kilichotolewa pamoja na risiti inayotaja kazi iliyofanyika, si neno “matengenezo” peke yake. Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Mimi mwenyewe huyapenda, maana hunipunguzia lawama. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara. Mwenye kumwambia mteja kwamba kioo kimekufa, huku akijua kuwa ni kizima, ili amuuzie kingine, asidhani kwamba huo ni ujanja wa kawaida wa soko.

Sitawaficha kwamba zipo skrini zisizostahili gharama. Fyuzi ikikutwa nzima na ikabainika kuwa ni mirija au safu ya LED iliyochoka, kazi huwa ndefu, na bei yake yaweza kukaribia bei ya skrini nyingine. Hapo hesabu ni yako, lakini uifanye ukijua ukweli. Na mkiamua kuitupa ile ya mirija, msiivunje wala msiwape watoto waichezee, kwa sababu ndani ya mirija mna zebaki.

Nimekuja na skrini mbili, zote nyeusi zikiwashwa. Moja tochi itaifumbua na nyingine haitaifumbua. Tuzime taa za ukumbi, na walio nyuma wasogee mezani.