Waiyaki Si Jina la Barabara Tu
Hotuba kwa wazazi na walimu, Dagoretti Corner



Kila asubuhi watoto wengi wa Nairobi hupitia Waiyaki Way wakienda shuleni. Ukimuuliza mmoja wao Waiyaki alikuwa nani, huenda akakujibu kuwa hilo ni jina la barabara.

Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa sehemu hizi. Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard alifika Dagoretti, akala naye kiapo cha udugu wa damu na kujenga ngome. Lugard alipoondoka, watu wa ngome waliwanyang'anya wenyeji mazao. Mwaka 1891 ngome hiyo ikaachwa, na Waingereza wakajenga nyingine Kabete, iliyoitwa Fort Smith. Huko ndiko Waiyaki alikokamatwa Agosti 1892. Alisafirishwa kuelekea pwani, akafia njiani Kibwezi na kuzikwa huko.

Wazazi wa zamani walijua thamani ya elimu iliyo mikononi mwao. Baada ya mvutano wa 1929 na wamishonari, Wakikuyu walianzisha shule zao huru. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga nyingi.

Leo hakuna anayefunga mlango huo, ila muda ni mfupi. Katika Mtaala wa Umilisi, Masomo ya Jamii ni ya lazima kuanzia Gredi ya 4 hadi ya 9. Katika sekondari pevu, Historia na Uraia ni somo la kuchagua. Mtoto atakayefuata mkondo wa sayansi huenda asiisome historia tena darasani.

Mtaala huandaliwa na taasisi ya kitaifa, KICD, wala si kaunti. Lakini kitabu cha nchi nzima hakiwezi kueleza kila mtaa. Profesa Godfrey Muriuki alipoandika historia ya Wakikuyu iliyochapishwa 1974, alitegemea sana masimulizi ya wazee. Mwalimu wa Riruta au Kawangware anaweza kufanya vivyo hivyo: amwalike mzee, wanafunzi waulize maswali, kisha walinganishe majibu na kitabu. Na kwa kuwa madarasa haya yana watoto wa jamii nyingi, kila mmoja aulize nyumbani watu wake walifikaje Nairobi.

Wazee wenye habari hizo wanapungua kila mwaka. Mwaliko usingoje muhula ujao.