Dizeli ya Mimea katika Pikapu Kuukuu: Mazungumzo kwa Watumishi na Wananchi



Unguja na Pemba hazina kisima cha dizeli. Kila lita huletwa kwa meli, na mabadiliko ya bei yake huonekana haraka katika nauli na katika bei za sokoni. Hali hiyo yafanana na ya Nyasubi, kata ya Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga. Huko nako dizeli hutoka bandarini na kusafirishwa karibu kilomita 1,000 kabla ya kuingia katika tangi la pikapu inayobeba mpunga, pamba au vifaa vya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kwa hiyo mwenye gari la zamani, awe wa Nyasubi au wa Visiwani, ana haki ya kuuliza: je, mafuta ya pamba, ya alizeti, au yale yaliyokwisha kukaangia chipsi, hayawezi kuendesha injini?

Yanaweza, lakini si kwa kumiminwa tangini kama yalivyo. Ni kweli kwamba katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina iliyobuniwa na Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata hivyo, mafuta ya mimea ni mazito kiasi cha mara kumi kuliko dizeli. Nozeli hushindwa kuyanyunyiza vyema, masizi hujengeka, na mafuta yasiyoungua huteremka na kuiharibu oili ya injini. Gari huenda vizuri kwa muda, kisha huishia kwa fundi.

Dawa yake ni kuyageuza kwanza kuwa bayodizeli. Mafuta huchujwa, hukaushwa maji, kisha huchanganywa na methanoli pamoja na kostiki soda kidogo. Lita 100 za mafuta huhitaji takriban lita 20 za methanoli. Gliserini hutuama chini, na yaweza kutumika katika sabuni. Bayodizeli hubaki juu, ikaoshwa na kukaushwa. Izingatiwe kwamba methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na moto wake hauonekani vyema mchana. Kwa sababu hiyo kazi hii haifai kufanywa jikoni wala uani penye watoto.

Pikapu kuukuu, kama vile Toyota Hilux zenye injini za 2L na 3L, huvumilia bayodizeli kuliko magari mapya yenye mitambo ya umeme ya kupulizia mafuta. Hata hivyo uzee una gharama zake. Kwanza, bayodizeli hulainisha mipira ya asili. Hivyo mabomba na sili za zamani hazina budi kubadilishwa kabla hazijavuja. Pili, husafisha uchafu uliotuama tangini kwa miaka mingi na kuupeleka kwenye filta. Inafaa dereva aanze na lita 20 za bayodizeli katika kila lita 100 za mchanganyiko, achukue filta ya akiba, na aondoe maji tangini mara kwa mara. Nguvu itapungua kidogo. Aidha, bayodizeli isiwekwe ghalani zaidi ya miezi sita, kwani huchacha.

Swali zito zaidi ni mafuta hayo yatoke wapi. Katika miaka ya 2000 wawekezaji walikuja Tanzania Bara kwa ajili ya mbono kaburi na kupewa ardhi kubwa, zikiwamo za Kilwa na Kisarawe. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini kufikia mwaka 2011 mashamba hayo mawili yalikuwa yamesimama, na wanavijiji wakabaki wakidai ardhi na ajira walizoahidiwa. Mwaka 2010 Serikali ilitoa miongozo ya nishati hiyo. Funzo ni kwamba zao la tangi lisichukue shamba la chakula.

Kwa hiyo mafuta mapya ya pamba na ya alizeti yabaki jikoni, kwani nchi ingali ikiagiza mafuta ya kula kutoka nje. Yanayofaa tangini ni yale yaliyokwisha kutumika katika mikahawa na vibanda vya chipsi. Hayatoshi kuendesha magari ya mji mzima, lakini yakikusanywa hayatamwagwa mitaroni wala kurudishwa kikaangoni mara ya kumi, jambo linalodhuru afya.

Inasisitizwa kwamba dereva wa gari la Serikali asitie mafuta ya namna hii bila idhini ya maandishi ya mkuu wake. Gari la wagonjwa linalozimika njiani usiku kwa filta iliyoziba haliwezi kuhesabiwa kuwa limeokoa fedha. Na mwananchi anayekusudia kuyatengeneza kwa kuuza apate kwanza kibali cha mamlaka zinazohusika.