Kabala, Ng'ambo ya University Way



Ukivuka University Way kutoka hapa Chuo Kikuu cha Nairobi unafika sinagogi ya Nairobi. Jumuiya yake ilianzishwa 1904, mwaka mmoja baada ya Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, kuwatajia Wazayuni ardhi ya Afrika Mashariki kwa makazi ya Wayahudi, ambayo baadaye ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, nao Wazayuni wakaikataa 1905. Wanafunzi wetu hupita pale kila siku bila kugeuza shingo. Jumapili, hata hivyo, baadhi yao huketi katika makanisa ambamo pembe ya kondoo dume hupulizwa, mchungaji hujitanda shali ya sala ya Kiyahudi, na kila Septemba au Oktoba tarakimu za mwaka mpya wa Kiebrania hufafanuliwa kuwa zina ahadi: mwaka huu mlango utafunguka, viza itatoka. Katika mitaa ya Westlands na Lavington neno Kabala, yaani elimu ya siri ya dini ya Kiyahudi, huja kwa simu, likiwa limechanganywa na yoga na ule uzi mwekundu wa mkononi uliopata umaarufu kwa Madonna.

Sina ugomvi na hamu hiyo ya mambo ya Kiyahudi. Ninachobisha ni kwamba tumeipokea Kabala kichwa chini.

Zohar, kitabu chake kikuu, kilijitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Sehemu yake kubwa imeandikwa kwa Kiaramu, nayo ni tafsiri ndefu ya Torati, aya kwa aya. Karne tatu baadaye, huko Safed, Galilaya, Isaac Luria, aliyefariki 1572 akiwa na miaka 38, alifundisha kwamba Mungu alijibana ili ulimwengu upate nafasi. Vyombo vilivyobeba nuru yake vikavunjika, na cheche zikatawanyika. Kila amri mtu anayoitimiza, hata baraka fupi kabla ya kula mkate, huokota cheche moja. Tazameni mzigo umewekwa begani mwa nani. Mtu ndiye anayedaiwa kazi. Mimbarini kwetu deni limegeuzwa, na sasa anayedaiwa ni Mungu.

Linalonishangaza zaidi ni kuwa hesabu ya herufi, ambayo ndiyo bidhaa inayonunuliwa sana, tunayo nyumbani. Mwalimu wa Lamu anayejua abjadi, hesabu ya herufi za Kiarabu, atakwambia alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na Myahudi ana mpangilio uo huo. Myahudi hutoa sadaka kwa mafungu ya 18 kwa sababu neno la Kiebrania la uhai lina herufi ya 8 na ya 10. Hayyu, jina la Mwenyezi Mungu, likihesabiwa bila "al-", hufikia 18 vilevile. Na 786 ya Bismillahi mmeiona juu ya milango ya maduka. Hata hivyo, mkazi wa Nairobi anayelipia siri ya Kiebrania humwita yule mwalimu wa Lamu mchawi. (Hofu ya namna hiyo ya uchawi tunaijua: 1994 Serikali iliunda tume nzima, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza ibada ya shetani.)

Napendekeza basi darasa la kusoma maandiko yenyewe. Tuanze na Kiarabu, maana tunao vijana waliokipata madrasani. Kiebrania kifuate, na Kiaramu tutafutiwe mwalimu. Desturi iliyoenea miongoni mwa Wayahudi iliwazuia walio chini ya miaka 40 wasiiguse Kabala, tena ilimtaka anayeianza awe ameshiba kwanza Talmudi, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya marabi. Umri sitaushikilia, la sivyo nitabaki na wahadhiri wenzangu tu. Lakini mwaka wa kwanza utakuwa wa kitabu cha Mwanzo na sura ya 1 ya Ezekieli, pamoja na sarufi, mtihani wa sarufi kila Ijumaa, na Zohar ikiwa imefungiwa kabatini. Atakayekuja kutafuta namba ya bahati nadhani atahamia masomo ya Biashara kabla ya muhula wa pili.